Charles Dupin na Ramani ya Elimu

Charles Dupin alizaliwa mwaka 1784 huko Varzy, Ufaransa. Alisomea hesabu, akawa mhandisi wa merikebu, na tangu mwaka 1819 alifundisha jiometri na elimu ya mitambo mjini Paris, akiwafungulia mafundi mlango wa elimu.

Mwaka 1826 alichora ramani ya mikoa ya Ufaransa. Kwa kila mkoa alitafuta idadi ya watu kwa kila mvulana mmoja aliyekuwa shuleni. Penye wanafunzi wachache alipaka giza zaidi. Ndipo ilipodhihirika jinsi kusini kulivyoachwa nyuma na kaskazini.

Hesabu hiyo inatufunza jambo. Pasipo mwanafunzi hata mmoja haifanyiki, kwani idadi haigawanyiki kwa sifuri. Nasi darasani hukutana na sifuri nyingi. Tuseme tunachora visima vya vitongoji 20, na vitongoji 12 havina kisima. Tukivipanga katika madaraja manne ya vitongoji vitano vitano, sifuri zitaangukia madaraja matatu, na wenye shida moja watapewa rangi tatu. Yatupasa basi kuipa sifuri daraja lake, nyeupe, kisha tuvigawe vile vinane vilivyobaki kwa kadiri ya visima vyake. Kitongoji ambacho hakikuhesabiwa tukichore mistari, kisidhaniwe kuwa ni sifuri.

Dupin alifariki mwaka 1873. Ramani yake ilionyesha wazi waliokosa. Zetu nazo zisiwafiche.