Sheikh Al-Amin Mazrui: mwalimu aliyeandika bila kungoja mchapishaji

Likitajwa jina la Mazrui katika habari za vitabu, wengi wetu humkumbuka Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha Makerere na Michigan, akaandika vitabu vikasomwa dunia nzima, na mwaka 2014 akarudishwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus. Hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya profesa alikuwako babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Huyu hakuwa na chuo kikuu nyuma yake wala kampuni ya vitabu iliyokuwa ikimngoja. Alikuwa na kalamu, karatasi na mji uliokuwa ukimkosesha raha. Maisha yake yana funzo kwa kila mtu wa Pwani aliye na jambo la kuandika na asiyejua litatokea wapi.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ndio uliotawala mji huu mpaka mwaka 1837, Sayyid Said alipouchukua. Baada ya utawala kwenda, elimu ndiyo iliyobaki kuwa heshima ya nyumba nyingi za Mazrui. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Alipokua alivuka kwenda Unguja kusoma kwa maulamaa waliokuwa wakisifika wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir.

Hiyo ndiyo njia waliyopita wanavyuoni wetu wengi. Kilichomtofautisha yeye ni aliyokuwa akiyasoma baada ya darasa. Kutoka Misri kulikuwa kukija magazeti, na kubwa kati yao lilikuwa Al-Manar la Rashid Rida, mwanafunzi wa Muhammad Abduh. Humo aliona jambo ambalo huku halikuwa kawaida: mwanachuoni akisema na umma kwa gazeti, si kwa wanafunzi wachache waliokaa mbele yake msikitini. Humo mlijadiliwa kwa nini Waislamu wamerudi nyuma, shule zao zikoje, na desturi gani zimeingizwa katika dini zisizokuwa zake.

Akitazama Mombasa yake aliyaona yaleyale. Reli na bandari zilikuwa zimeubadilisha mji. Wageni walikuwa wakipanda na wenyeji wakishuka. Mashamba ya wazee yalikuwa yakiuzwa, na pesa zikiishia katika harusi na matanga ya kujionyesha. Shule za kisasa nyingi zilikuwa za wamisheni, na wazazi waliogopa kuwapeleka watoto wao wakatoka na dini nyingine. Mwalimu wa darasa angeweza kuyasema hayo kwa watu ishirini. Yeye alitaka yawafikie watu wote wa mji.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yake. Maulamaa wa Pwani walikuwa wakiandika tangu zamani, lakini vitabu vya elimu waliviandika kwa Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa mjini hawakuifahamu. Kiswahili kilikuwa na tenzi na mashairi yake makubwa. Lakini mwanachuoni kukaa akaandika makala ya Kiswahili ya kawaida, yasiyo na vina wala mizani, ajadili shule, madeni, mavazi na malezi, hilo lilikuwa jipya. Wapo waliodhani kwamba jambo la dini likiandikwa kwa lugha ya nyumbani hupungua uzito. Sheikh Al-Amin hakuona hivyo. Mwenye kuonywa ni lazima afahamu anachoonywa.

Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa. Lilikuwa gazeti dogo, likiandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili cha Mombasa na kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo watu wetu walizosomea chuoni. Hakungoja apate matbaa kubwa ndipo aanze, wala hakungoja ruhusa ya wenye elimu wenzake. Wanaochunguza historia ya magazeti yetu huihesabu Sahifa kuwa gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili.

Msomaji na autazame vizuri mwaka ule. 1930 ndio mwaka serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilipounda kamati ya kusanifisha Kiswahili. Lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi ilikuwa Kiunguja, na herufi zilizochaguliwa zilikuwa za Kilatini. Kimvita, lugha ya Muyaka, kikawekwa pembeni, na herufi za Kiarabu, zilizokuwa zimebeba Kiswahili kwa karne kadhaa, zikaanza kuonekana kama mambo ya wazee. Basi wakati wakubwa walipokuwa wakiamua vitabu vya shule viandikwe vipi, katika nyumba ya Mombasa alikuwako mtu anayeandika kwa lahaja ileile na herufi zilezile zilizoachwa. Wala hakuzichukua herufi hizo kama zilivyo. Kiarabu hakina sauti zetu zote, na yeye alikuwa miongoni mwa waliojitahidi kuzitengeneza herufi hizo ili ziweze kubeba sauti za Kiswahili.

Makala yake hayakuwa ya kubembeleza. Aliwasema matajiri waliomaliza mali kwa sherehe, wazee walioacha watoto wakue bila elimu, na vijana walioiga Wazungu katika mavazi na mapumbao wakaacha kuwaiga katika bidii na maarifa. Alitaka elimu ya dunia isomwe pamoja na ya dini, na alitaka wasichana nao wasome. Alizipinga desturi ambazo kwa maoni yake hazikuwa na asili katika dini, na hapo bila shaka hawakukosa kuudhika watu wengi, maana ziko desturi ambazo watu wa mji wetu wanazipenda hadi leo, na wana hoja zao. Hatulazimiki kukubaliana naye katika kila jambo. Lakini aliandika wazi, kwa jina lake, kwa watu aliokuwa akikutana nao njiani kila siku, na hilo si jambo jepesi katika mji mdogo.

Mwaka 1932 likafuata gazeti jingine, Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Nalo halikudumu sana. Mwaka huohuo alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki. Kesi za mirathi, ndoa na wakfu zikajaza siku zake. Hata hivyo hakuacha kalamu. Aliandika vitabu vya kufundishia dini kwa Kiswahili, na mwaka 1944 baadhi ya makala ya Sahifa yakakusanywa yakatolewa kuwa kitabu, Uwongozi. Karatasi zilizotolewa wiki kwa wiki zingeliwa na mchwa, lakini kitabu kikahifadhiwa. Kwa kitabu hicho, na kwa herufi za Kilatini, ndivyo wengi wetu tulivyokuja kuyajua maneno yake.

Alifariki Mombasa mwaka 1947, akiwa hajafika miaka 60. Aliacha kazi mbili kubwa ambazo hazikuwa zimefika kwa watu.

Ya kwanza ni tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Tafsiri kamili iliyokuwapo siku zake ilikuwa ya padri Godfrey Dale, ya mwaka 1923, na Waislamu hawakuridhika kusomeshwa kitabu chao na mmisheni. Sheikh Al-Amin alianza yake lakini umri haukumruhusu kuimaliza. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, aliishughulikia, na kuanzia mwaka 1980 sehemu zake zikachapishwa Nairobi. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu mwenyewe kwenda.

Ya pili ni historia ya utawala wa Mazrui, aliyoiandika kwa Kiarabu. Hiyo ilichapishwa mwaka 1995 kwa juhudi za British Academy, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miaka 48! Mtoto aliyezaliwa siku ya mazishi ya mwandishi alikuwa karibu kuitwa mzee wakati kitabu kilipotoka. Hata makala ya Sahifa yalipata toleo jipya mwaka 2017 huko Leiden, Uholanzi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Twawashukuru walioyahifadhi. Lakini yafaa tujiulize kwa nini kazi zilizoandikwa Mombasa, juu ya Mombasa, zilingoja wachapishaji wa ng'ambo.

Na mwanawe? Ali alikuwa na umri wa miaka 14 babake alipofariki. Baba alikuwa akitarajia kumpeleka Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni kama wazee wake. Haikuwa hivyo. Ali alikwenda Uingereza na Marekani, akarudi kusomesha Makerere, na mwaka 1967 vitabu vyake vitatu vikatoka kwa mwaka mmoja. Kwa wachapishaji baba na mwana hawakuwa na bahati moja. Mwana aliandika kwa Kiingereza, na milango ya London ilikuwa wazi kwake. Baba aliandika kwa Kiswahili na Kiarabu, na mlango aliokuwa nao ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe. Lakini ujasiri wa kusema na umma wote, hata umma ukikasirika, mwana hakuupata Oxford peke yake. Nyumbani ulikuwako kabla.

Leo hatuna udhuru aliokuwa nao Sheikh. Simu iliyo mfukoni mwako yaweza kutoa Sahifa mpya kila asubuhi. Hata hivyo bado twasikia watu wenye elimu wakisema wataandika watakapopata mfadhili, na bado katika nyumba za Mji wa Kale, Lamu, Siyu na Pate kuna makasha yenye karatasi za mababu ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenye kasha kama hilo na alifungue kabla ya mvua na mchwa. Azipige picha karatasi zilizomo, kisha amtafute mzee anayeweza kuzisoma herufi zile, maana wazee hao nao wanapungua. Sheikh Al-Amin alipata wanafunzi waliozitunza karatasi zake. Wengine wengi hawakupata, na majina yao hatuyajui.

Mola amrehemu, yeye na wote waliotangulia.