Paul Gauguin: Mchoraji aliyejichora kama mtu anayeandamwa

Katika Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, Uholanzi, imehifadhiwa picha ndogo ya rangi za mafuta, iliyochorwa mwaka 1888.

Kushoto mwa picha hiyo upo uso wa mwanamume mwenye masharubu. Ngozi imewiva kwa wekundu, na macho yanatazama kwa pembeni, kama ya mtu aliyesikia hodi asiyoitarajia. Nyuma yake ni ukuta wa manjano wenye maua.

Uso huo ni wa Paul Gauguin, Mfaransa aliye miongoni mwa vigogo wa kizazi cha wachoraji kilichowafuata waimpreshonisti.

Picha ilitokana na ombi la Vincent van Gogh. Akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, aliwataka Gauguin na kijana Émile Bernard, waliokuwa Pont-Aven katika jimbo la Brittany, wachorane. Badala yake, kila mmoja alijichora mwenyewe, na sura ya mwenzake akaiweka ukutani nyuma yake.

Gauguin alikwenda mbali zaidi. Alijipa sura ya Jean Valjean, mhusika mkuu wa riwaya ya Victor Hugo, Les Misérables, ya mwaka 1862. Valjean aliiba mkate, akakaa gerezani miaka 19, na hata alipotoka sheria haikuacha kumwandama.

Dai la picha lilikuwa wazi: msanii ni mtu aliyedhulumiwa na jamii.

Kutoka soko la hisa

Gauguin alizaliwa Paris tarehe 7 Juni 1848. Utotoni aliishi miaka kadhaa Lima, Peru, kwa jamaa za mama yake. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki dunia wakiwa safarini kwenda huko. Baadaye alikuwa baharia, kisha akafanya kazi ya udalali wa hisa iliyompatia maisha mazuri.

Mwaka 1873 alimwoa Mette Gad, raia wa Denmark, wakajaaliwa watoto watano. Soko la hisa la Paris lilipoporomoka mwaka 1882, riziki iliyumba, na mwaka uliofuata akaamua kuishi kwa uchoraji pekee.

Uamuzi huo uliwagharimu wengine kabla ya kumgharimu yeye. Mette alirudi Copenhagen, akawalea watoto kwa kufundisha Kifaransa na kutafsiri vitabu.

Mwezi Oktoba 1888 Gauguin alikwenda kuishi na Van Gogh huko Arles, kwa msaada wa fedha wa Theo, nduguye Vincent. Walidumu pamoja takriban miezi miwili. Ugomvi wao ulikoma Desemba, usiku ambao Van Gogh alijikata sikio.

Tahiti na Marquesas

Mwaka 1891 Gauguin alisafiri kwenda Tahiti, akisema anaikimbia Ulaya. Lakini Tahiti ilikuwa koloni la Ufaransa, naye alifika akiwa na kibali rasmi cha serikali. Anayefukuzwa kwao hufika ugenini mikono mitupu. Gauguin alifika akiwa raia wa dola inayotawala.

Huko alimchukua Teha'amana, ambaye kwa maelezo ya Gauguin mwenyewe alikuwa na umri wa takriban miaka 13. Yeye alikuwa amevuka 40. Baada yake walifuata wengine wenye umri kama huo, na baadhi yao walimzalia watoto. Sura zao zilimjengea jina duniani.

Haki haina budi kutajwa pia. Mwaka 1901 alihamia kisiwa cha Hiva Oa, katika visiwa vya Marquesas, akagombana na kanisa na maafisa wa kikoloni. Aliwahimiza wenyeji wasilipe kodi na wasipeleke watoto katika shule za wamisionari.

Mwaka 1903 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi mitatu na faini ya faranga 500 kwa kumkashifu askari. Alifariki dunia tarehe 8 Mei mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 54, kabla ya kutumikia kifungo. Hivyo, miaka 15 baada ya kujichora kama mtu anayeandamwa na sheria, sheria ilimwandama kweli.

Lipi hasa la kutazama?

Leo hakuna anayekana kipaji chake. Matisse na Picasso walijifunza kwake, na rangi zake pana, zisizoiga maumbile, zilifungua mlango wa sanaa ya karne ya 20.

Hata hivyo, picha ya Amsterdam inamtaka mtazamaji amhurumie aliyechorwa. Huruma hiyo haikosi msingi, maana Gauguin aliujua ufukara na maradhi. Lakini Valjean wa Hugo, baada ya mateso yake, alimlea mtoto yatima wa mwanamke maskini. Gauguin alichukua uso wa Valjean, wajibu wake akauacha. Waliobeba mzigo huo, Mette huko Copenhagen na mabinti wa Polynesia, hawakupata nafasi ya kujichora wenyewe.