Ignaz Venetz, mhandisi aliyepambana na ziwa la barafu

JUNI 16, mwaka 1818, saa kumi na nusu jioni, ukuta wa barafu ulipasuka katika Bonde la Bagnes, jimbo la Valais nchini Uswisi. Maji yaliyokuwa nyuma yake yaliporomoka kwa kishindo, yakasomba nyumba, madaraja na miti hadi mji wa Martigny. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Kwa mhandisi wa serikali ya jimbo hilo, Ignaz Venetz, ulikuwa msiba aliojitahidi kwa zaidi ya mwezi mzima kuuzuia.

Venetz alizaliwa mwaka 1788 katika kijiji cha Visperterminen, jimboni humo. Alikuwa na umri wa miaka 30 alipoitwa kuliokoa bonde. Mlipuko wa volkano ya Tambora, nchini Indonesia, mwaka 1815 ulikuwa umeleta miaka ya baridi kali, na mito ya barafu ya milima ya Alps ikazidi kunenepa. Mapande yaliyoanguka kutoka mto wa barafu wa Giétro yaliziba Mto Dranse, na ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili likajaa nyuma yake.

Wazee walikumbuka simulizi za mwaka 1595, pale barafu hiyo hiyo ilipoleta mafuriko yaliyoua watu wengi. Venetz alipima kina cha maji na kasi ya kupanda kwake, kisha Mei 1818 akaamuru kuchimbwa handaki ndani ya barafu, juu kidogo ya usawa wa ziwa. Vibarua walichimba usiku na mchana huku mapande ya barafu yakiwaangukia karibu.

Juni 13 maji yalianza kupita. Yalipokuwa yakipita yaliyeyusha sakafu ya handaki, na ziwa likashuka taratibu. Takriban theluthi moja ya maji ilikwisha kutoka salama kabla ukuta haujalegea chini na kupasuka. Bila handaki hilo, maafa yangekuwa makubwa zaidi.

Venetz hakukata tamaa. Barafu ilipojijenga upya, alielekeza vijito vilivyopashwa joto na jua kupitia mifereji ya mbao, vikaikata kama msumeno.

Kazi hiyo ilimfunza kusoma alama za barafu mawe na miamba. Mwaka 1829 alitangaza kwamba hapo kale barafu ilienea mbali nje ya Alps. Wengi walimpuuza, lakini Jean de Charpentier alishawishika, naye akamshawishi Louis Agassiz, ambaye sifa nyingi zilimwendea. Venetz alifariki dunia mwaka 1859.

Leo wataalamu huchora ramani za maziwa ya namna hiyo kwa picha za setilaiti, wakipima ujazo wa maji, uimara wa kingo na idadi ya watu waishio chini yake. Faida ya tahadhari ilionekana Mei 2025 katika jimbo hilo hilo la Valais, pale mto wa barafu ulipokifukia kijiji cha Blatten. Wakazi wake wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa siku kadhaa kabla. Watu wa Bagnes wa mwaka 1818 hawakubahatika hivyo.