Carl Gustav Jung: Tabibu wa Nafsi Aliyepita Nyanda za Athi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hulikuta jina la Carl Gustav Jung mapema katika masomo yake, aghalabu katika mhadhara wa nadharia za uhakiki, anapoelezwa habari za vikale na ung'amuzi bwete wa jumla. Hulitaja katika mtihani, kisha akaliacha papo hapo. Jung ninayekusudia kumsimulia katika makala haya ni yule mwingine: tabibu aliyeketi uso kwa uso na wagonjwa wake, aliyeandika juu ya ndoa ilhali ndoa yake mwenyewe ilikuwa na ufa, na ambaye mwishoni mwa mwaka 1925 alisimama katika nyanda za Athi, si mbali na hapa Gataka ninapoandikia.

Alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, nchini Uswisi. Babake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti ambaye imani yake ilikuwa ikififia kimyakimya. Mamake alikuwa mtu wa majonzi, na wakati mmoja alilazwa hospitalini kwa miezi kadhaa mwanawe akingali mdogo mno. Wazazi hao waliishi chini ya paa moja bila ya nyoyo zao kukutana. Sidhani ni sadfa kwamba mtoto wa nyumba kama hiyo alikuja kuifanya kazi ya maisha yake kuwa ni kuuliza kinachopita baina ya watu wawili.

Alisomea udaktari mjini Basel, na mwaka 1900 akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich, chini ya Eugen Bleuler. Jambo lililompa sifa ya kwanza linatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha. Alikuwa akimtajia mgonjwa neno moja moja, naye mgonjwa ajibu kwa neno la kwanza linalomjia. Jung hakujishughulisha na jibu tu. Alipima pia muda uliopita kabla ya jibu kutolewa. Pale ambapo mgonjwa alisita, palikuwa na jeraha. Kwa hiyo neno la kawaida kabisa, ambalo kamusi hulieleza kwa mstari mmoja, liliweza kuwa mlango wa siri iliyofichwa kwa miaka.

Mwaka 1903 alimwoa Emma Rauschenbach, binti wa tajiri mwenye viwanda wa Schaffhausen, wakajaaliwa watoto watano. Mwaka uliofuata aliletewa msichana Mrusi, Sabina Spielrein, akiwa katika hali mbaya. Alimtibu akapona, lakini uhusiano wao ulivuka mpaka uliopasa kuwepo baina ya tabibu na mgonjwa, na wataalamu wangali wanabishana ulivuka kwa kiasi gani. Spielrein mwenyewe alikuja kuwa daktari na mwanasaikolojia mwenye mawazo ya kujitegemea; aliuawa na wanajeshi wa Kinazi mjini Rostov mwaka 1942. Wasifu mwingi wa Jung humtaja kwa haraka kana kwamba ni kisa cha ujana. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini. Jung alijifunza kwa gharama ya mtu mwingine kwamba chumba cha tiba si mahali ambapo mzima humtengeneza mbovu, bali ni mahali ambapo watu wawili wamo hatarini, na mwenye mamlaka ndiye anayepaswa kuulinda mpaka.

Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud mjini Vienna, wakazungumza kwa muda unaosemekana kufikia saa kumi na tatu. Urafiki huo ulivunjika mwaka 1913. Sababu za kinadharia zinajulikana, nami sitazirudia. Ila tofauti moja ya utendaji ni muhimu hapa. Freud alimlaza mgonjwa kitandani, naye akakaa nyuma yake asionekane. Jung aliweka viti viwili vinavyotazamana. Alitaka tabibu aonekane akishtuka, akicheka na hata akikosea. Aidha alishikilia kwamba kabla mtu hajaruhusiwa kuwatibu wengine, sharti yeye mwenyewe achunguzwe nafsi yake na mwenzake, sharti ambalo hata Freud alikiri kwamba lilitoka Zürich. Katika makala ya mwaka 1929 alifananisha kukutana kwa nafsi mbili na kuchanganyika kwa kemikali mbili: pakiwa na badiliko lolote, zote mbili hubadilika. Mwaka 1946 alikirudia kiini hicho katika kitabu kizima kuhusu uhaulishaji wa hisia, yaani ile hali ya mgonjwa kumtwika tabibu mapenzi na chuki alizozibeba kutoka kwingine, na tabibu naye kujikuta akijibu kwa zake.

Kuhusu wanandoa, Jung aliandika makala mashuhuri mwaka huohuo wa 1925. Alieleza kwamba wawili hawaoani kwa hiari kama wadhanivyo, kwa kuwa kila mmoja huongozwa na mambo ya wazazi wake asiyoyatambua. Alisema pia kwamba aghalabu mmoja huwa kama nyumba na mwenziwe kama mkaaji. Mkaaji huridhika, nyumba yenyewe huanza kutazama nje kupitia dirishani. Katikati ya umri tofauti hiyo hulipuka. Jung hakuona mlipuko huo kuwa mwisho wa ndoa, bali nafasi ya wawili hao kujuana kwa mara ya kwanza.

Hoja ni nzuri, lakini msomaji makini atauliza ni nani alikuwa akitazama dirishani nyumbani kwa Jung. Kwa miaka mingi alikuwa na uhusiano na Toni Wolff, aliyekuwa mgonjwa wake kisha mshirika wake wa kazi, na Emma alijua. Emma hakuwa mke wa kuhurumiwa tu: alikuwa rais wa kwanza wa Klabu ya Saikolojia ya Zürich iliyoanzishwa mwaka 1916, akatibu wagonjwa wake mwenyewe na kufanya utafiti. Hata hivyo, hatuna makala yake kuhusu ndoa ya kuiweka kando ya ile ya mumewe.

Novemba 1925 Jung aliteremka Mombasa pamoja na Mwingereza Helton Godwin Baynes na Mmarekani George Beckwith. Melini walikuwa wamejuana na Mwingereza mwingine, Ruth Bailey, aliyejiunga nao baadaye. Walipanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha Jung akapelekwa kutazama nyanda za Athi. Kutoka kwenye kilima kifupi aliona makundi ya swala, nyumbu na pundamilia yakilisha hadi upeo wa macho. Alijitenga na wenzake hadi akawa peke yake. Hapo ndipo, kwa masimulizi yake ya uzeeni, alipotambua kwamba ulimwengu usiotazamwa na nafsi inayojua ni kama haujakamilika, na kwamba binadamu huukamilisha kwa kuufahamu. Wazo hilo halitofautiani na tiba yake: mtu hupata kuwapo kwa kuonwa na mwingine.

Ajabu ni kwamba alijiona kama binadamu wa kwanza kuutambua ulimwengu ule. Wamaasai walikuwa wamelisha ng'ombe wao katika nyanda hizi kwa vizazi, na mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa imekwisha kuwapokonya sehemu kubwa ya malisho yao kwingineko. Macho yalikuwapo, Jung hakuyahesabu. Sehemu ya nyanda alizozisifu ikawa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwaka 1946, na sehemu nyingine leo ni viwanja vilivyozungushiwa seng'enge.

Kutoka hapo msafara ulielekea Kakamega hadi Mlima Elgon. Huko ndiko Kiswahili kinapoingia katika historia ya saikolojia. Jung aliketi na wenyeji akaendesha shauri, neno ambalo alilichukua kama lilivyo, kwa Kiswahili cha kubabaisha na kamusi ndogo mkononi. Kwa sababu ya mvi zake aliitwa mzee, akafurahi. Aliwauliza habari za ndoto. Laibon mmoja alimjibu kwa masikitiko kwamba tangu Waingereza waje hawaoti tena, kwani mkuu wa wilaya ndiye anayejua kila kitu. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya kile ambacho ukoloni hufanya ndani ya nafsi, na si Jung aliyeyatunga.

Alizuru pia boma la mwanamke aliyeolewa katika ndoa ya mitala. Alivutiwa na utulivu wake: watoto, mifugo, shamba na moto wa jikoni vyote vilikuwa milki yake, akasimama imara juu yavyo. Jung akawalinganisha wake wa Ulaya naye, akaona wamepungukiwa. Hakuandika kwamba nyumbani kwake Küsnacht kulikuwa na mitala isiyo na jina wala shamba. Na safari nzima, mtu mweusi pekee aliyemjia ndotoni alikuwa kinyozi wa Chattanooga, Marekani, aliyetaka kuzisokota nywele zake ziwe za Kiafrika. Jung aliamka akiwa na hofu kwamba Afrika ingemmeza. Yule aliyefundisha kwamba pande zote mbili za mazungumzo hazina budi kubadilika aliogopa kubadilishwa na watu aliowajia.

Alirejea Zürich mwaka 1926 kupitia Mto Nile. Miaka iliyofuata ilimletea umaarufu, na lawama pia, hasa kwa kukubali mwaka 1933 kuongoza chama cha matabibu wa nafsi chenye makao Ujerumani Wanazi walipokuwa wakishika hatamu. Toni Wolff alifariki mwaka 1953. Emma alimfuata tarehe 27 Novemba 1955. Ruth Bailey, yule msafiri wa melini aliyepiga kambi pamoja naye chini ya Elgon, alihamia Küsnacht kumtunza. Inasimuliwa kwamba walikosana mara nyingi kwa mambo madogo ya nyumbani, wakapatana. Alikuwapo nyumbani humo Jung alipofariki, tarehe 6 Juni 1961.