Totaram Sanadhya, Kibarua wa Miwa Aliyewatetea Wenzake

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, tumeona inafaa kuwakumbuka wazee waliovuka bahari bila mtaji wowote ila nguvu za mikono yao. Zaidi ya 30,000 walikuja Mombasa kuanzia mwaka 1896, kwa mikataba ya kujenga reli ya Uganda. Wengine, kwa mikataba iliyofanana na hiyo, walipelekwa mbali zaidi, hadi visiwa vya Fiji. Mmoja wao ni Pandit Totaram Sanadhya.

Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hirangaon, karibu na Firozabad, kaskazini mwa India. Baba yake alifariki mwaka 1887, na mali ya nyumba ikaishia kwa wakopeshaji. Mama akabaki na watoto na dhiki. Kijana Totaram, asipende kumwongezea mama yake mzigo, alitoka kwenda kutafuta kazi, akafika Allahabad mwaka 1893.

Huko alinaswa na wakala wa kuandikisha vibarua. Aliahidiwa kazi nyepesi na mshahara mzuri. Hakuelezwa taabu za ng'ambo, wala kwamba kuuvunja mkataba huo wa miaka 5 ni kosa la jela. Mbele ya hakimu aliulizwa kwa haraka kama amekubali, naye akaitikia kama wenzake. Alipakiwa katika meli Jumna huko Calcutta, akashuka Fiji mwezi Mei mwaka huo huo.

Katika shamba la miwa la Nausori, kila kibarua alipimiwa ngwe yake kila siku, na asiyeimaliza alipunjwa ujira au kushtakiwa. Posho haikutosha. Njaa na upweke vilimfikisha Totaram hata akataka kujitoa uhai. Kumkumbuka mama yake kulimzuia. Kisha wenyeji wa Fiji, watu wasio wa dini yake wala lugha yake, wakamletea chakula. Urafiki huo haukuvunjika.

Mkataba ulipokwisha, alijipatia shamba dogo, akawa pia pandit wa kuwaongoza wenzake katika ibada. Angeweza kushukuru kwamba yeye ameokoka, akanyamaza. Badala yake aliingia katika kambi za vibarua kusikiliza malalamiko yao. Yeye na wenzake walimwomba Gandhi awasaidie kupata wakili, na mwaka 1912 akawasili Manilal Doctor.

Alirudi India mwaka 1914, baada ya miaka 21. Masimulizi yake, yaliyoandikwa kwa Kihindi na Banarsidas Chaturvedi, yalisomwa kote nchini, na hasira ya umma ikapanda. Usafirishaji wa vibarua ulisimamishwa, na tarehe 1 Januari 1920 mikataba iliyosalia Fiji ikafutwa. Kufikia hapo watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamekwisha kupelekwa huko. Yeye na mkewe, Ganga Devi, waliishi katika ashram ya Sabarmati, naye akafariki mwaka 1947.

Tunaiweka habari yake katika kitabu hiki ili watoto wetu wajue kwamba ukoo hauinuliwi na mali peke yake. Aliyelishwa na jirani siku ya njaa ana deni, na Totaram alilipa lake kwa kuwatetea walioachwa nyuma. Nasi, pamoja na majirani zetu, tuna deni hilo.