Askofu Edward Steere: Kiongozi Aliyekubali Kufundishwa

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lugha ya Kiswahili imepokea wageni wengi katika historia yake. Baadhi yao waliponya, wengine walijeruhi, na wachache walifanya yote mawili. Miongoni mwa hao wachache ni Edward Steere, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, ambaye jina lake hutajwa sana katika madarasa ya historia ya Kiswahili lakini maisha yake huzungumzwa kwa nadra. Makala haya yanayatazama maisha hayo kwa swali moja: je, uongozi wa Kikristo ulionekanaje katika kazi zake za kila siku?

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari mwaka 1850 na kukubaliwa kuwa wakili. Njia ya heshima na mali ilikuwa wazi mbele yake. Hata hivyo, aliiacha, akapewa ushemasi mwaka 1856, na baadaye akawa kasisi wa kijiji cha Little Steeping. Mwaka 1863 rafiki yake, William Tozer, aliteuliwa kuongoza Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati baada ya Askofu Mackenzie kufariki. Steere aliamua kumsindikiza. Walijaribu kwanza kuishi katika Mlima Morambala, karibu na mto Zambezi, kisha mwaka 1864 wakahamia Zanzibar.

Huko, Sultani alimkabidhi Tozer wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hapa ndipo tunapoona mwanzo wa uongozi wa Steere. Daktari huyu wa sheria hakuwa na neno hata moja la kuwaambia watoto wale wakamwelewa. Ilimbidi awe mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Aliketi na Waunguja, akasikiliza, akauliza, akaandika. Matunda ya usikivu huo ni kitabu chake cha sarufi na msamiati kilichotoka mwaka 1870, pamoja na mkusanyiko wa ngano uliochapishwa mwaka huohuo. Ngano hizo, zikiwemo za Sultani Darai na Punda wa Dobi, hakuzitunga yeye. Alizipokea vinywani mwa wenyeji na kuziandika kwa lugha yao. Aliyekuja kuhubiri alitanguliza kusikiliza.

Isitoshe, Steere hakuwa kiongozi wa kuagiza tu. Alianzisha kazi ya uchapishaji katika misheni, akawafunza vijana waliokombolewa kupanga herufi na kupiga chapa. Mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, misheni ilipata kiwanja cha soko hilo pale Mkunazini. Jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Steere, aliyetawazwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa aliliezeka kwa saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe.

Masimulizi ya Zanzibar yanadai kwamba siku moja, yeye akiwa safarini, mafundi walizisimamisha nguzo fulani za kanisa juu chini. Yawe ya kweli au ya kutiwa chumvi, nguzo hizo zingali zimesimama vivyo hivyo. Ni kana kwamba jamii iliyobuni au kuhifadhi kisa hicho ilitaka kumkumbuka mkubwa aliyeweza kuvumilia kosa la mdogo.

Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokuwa watumwa kurudi bara, nao wakaanzisha makazi huko Masasi. Mwaka 1879, John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa jahazini, alipewa ushemasi. Naona hiki ndicho kipimo kikuu cha kiongozi: aliyehesabiwa kuwa bidhaa sokoni sasa aliongoza wengine katika ibada.

Hata hivyo, sifa bila uhakiki ni kasida. Steere aliegemea Kiunguja na hati ya Kirumi. Wakati huo, Kiswahili kilikuwa tayari na karne za maandishi kwa hati ya Kiarabu, na Mombasa ilikuwa na ushairi uliokomaa kwa Kimvita. Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, Steere alikuwa amekufa kwa zaidi ya miaka arubaini, lakini vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyoitengeneza njia hiyo. Sisi tuliokulia karibu na Kimvita tunajua gharama yake. Kwa hiyo, hata kiongozi msikivu husikia kutoka pale alipoketi tu. Waliokaa mbali naye huenda wasisikike kamwe.

Askofu Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Injili humfundisha Mkristo kwamba anayetaka kuwa mkubwa na awe mtumishi wa wote. Steere alilitenda fundisho hilo katika mambo madogo: kuuliza maana ya neno, kumwelekeza kijana penye mashine ya chapa, kutembea na waliochoka. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kesho tutakabidhiwa madarasa, idara na vyama, tuna la kuiga na la kuepuka. La kuiga ni kukaa chini na kusikiliza. La kuepuka ni kudhani kwamba tuliowasikiliza ndio watu wote.