Gregor Mendel: mwalimu aliyetuonyesha kwa nini selimundu hutoka kwa wazazi wote wawili

Kama una mtoto wa sekondari, huenda umewahi kumsikia akikariri jina la Gregor Mendel kabla ya mtihani wa baiolojia. Kwake yeye jina hilo ni maksi. Kwako wewe unayelea watoto hapa Tanga, Pangani, Muheza au Mkinga, lina uzito mkubwa zaidi. Kazi ya mtu huyu ndiyo inayojibu swali linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi: mtoto akikutwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, ameutoa kwa nani?

Jibu fupi ni hili: ameutoa kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ili ulielewe vizuri, na uweze kumweleza mwenzako au mkweo, fuatana nasi katika maisha ya Mendel.

Mtoto wa mkulima

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko katika Jamhuri ya Cheki, Ulaya. Wazazi wake walimwita Johann. Walikuwa wakulima wa kawaida, na baba yake alipenda sana miti ya matunda. Mtoto alijifunza mapema kutunza miche na kuangalia kipi kinazaa nini.

Alikuwa na akili darasani, lakini mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo akiwa kazini, na tangu hapo nguvu zikapungua. Pesa za masomo zikawa shida. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia, aliyekubali kutoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka aendelee kusoma. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasaidia wapwa zake watatu kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 alijiunga na nyumba ya watawa wa Kikatoliki katika mji wa Brno, na huko ndiko alikopewa jina la Gregor. Alipopewa upadri alitakiwa kuwatembelea wagonjwa. Moyo wake haukustahimili kuona mateso yao, hata akaugua mwenyewe. Mkuu wake aliona anafaa zaidi kufundisha, na mwaka 1849 akapelekwa shuleni.

Mwalimu asiye na cheti

Mwaka 1850 Mendel alifanya mtihani wa ualimu akashindwa. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, alikosoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea kuanzia 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, akaugua na kuuacha. Kwa hiyo alifundisha Brno kwa miaka 14 kama mwalimu wa muda tu.

Mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi iliyompa jina, katika bustani ya nyumba ya watawa. Alipanda njegere. Usizichanganye na mbaazi zetu za nazi. Hizi ni zile njegere za kijani kama zinazoletwa sokoni kutoka Lushoto. Zikikauka, aina nyingine hubaki duara na laini, na nyingine hujikunja.

Mendel alichukua chavua ya mmea wa mbegu duara akaipaka kwenye ua la mmea wa mbegu zenye mikunjo, na kinyume chake. Mbegu zote zilizopatikana zilikuwa duara. Ungeziona, ungesema mikunjo imepotea kabisa. Lakini msimu uliofuata alizipanda mbegu hizo duara na kuacha kila mmea ujichavushe wenyewe. Mikunjo ikarudi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wengi hawakulifanya kabla yake: alihesabu. Katika mbegu 7,324 alikuta 5,474 za duara na 1,850 zenye mikunjo. Hiyo ni karibu tatu kwa moja. Alirudia kazi hiyo kwa sifa saba tofauti, kama vile rangi ya mbegu na urefu wa mmea, hadi 1863. Kwa jumla alikuza mimea ipatayo 28,000.

Aliona kwamba kila mmea hubeba maelekezo mawili kwa kila sifa, moja kutoka kila upande wa uzazi. Elekezo la duara huweza kulifunika la mikunjo, lakini haliliui. Lililofunikwa hurithishwa kimyakimya, na mikunjo hujitokeza pale mbegu inapopata elekezo hilo kutoka pande zote mbili. Maelekezo hayo leo tunayaita vinasaba.

Mwaka 1865 Mendel aliwasomea matokeo yake wanachama wa chama cha sayansi cha Brno, na mwaka uliofuata yakachapishwa. Karibu hakuna aliyetambua umuhimu wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mkuu wa nyumba ya watawa, na shughuli za uongozi zikamwachia nafasi ndogo ya bustani. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, akiwa na miaka 61. Ilikuwa mwaka 1900, miaka 16 baada ya kifo chake, ndipo wanasayansi wa Ulaya walipofikia matokeo yaleyale na kukuta mwalimu wa Brno aliwatangulia.

Kutoka kwenye njegere hadi kwenye damu ya mtoto

Huenda unajiuliza njegere zinahusiana vipi na mwanao. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alieleza kwa maandishi kuhusu mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu za damu zilikuwa zimepinda kama mundu. Mwaka 1949 mtafiti mwingine wa Marekani, James Neel, alionyesha kwamba ugonjwa huo unarithiwa kwa kanuni ileile ya Mendel: wazazi wa mtoto mgonjwa wote wawili hubeba kinasaba chake, ingawa wenyewe ni wazima.

Mwaka huohuo kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini humo akipima damu za watu. Aliona kwamba wabebaji wa kinasaba hicho walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: penye wabebaji wengi ndipo penye malaria nyingi. Mtoto aliyerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, hivyo kwa vizazi vingi wabebaji waliokoka na kuzaa watoto.

Pwani yetu ya Tanga nayo imeishi na mbu wa malaria tangu enzi za mababu. Kwa hiyo kinasaba cha selimundu si laana, si kurogwa, wala si adhabu kwa kosa la mama. Ni alama iliyoachwa mwilini na mababu walioishinda malaria.

Hesabu ya Mendel nyumbani kwako

Kila mtu ana vinasaba viwili vya aina hii, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Hospitalini utasikia herufi hizi:

- AA: hana kinasaba cha selimundu.
- AS: ni mbebaji. Kwa kawaida ni mzima, analima, anavua, anacheza mpira, na anaweza kuzeeka bila kujijua.
- SS: ana ugonjwa wa selimundu.

Baba na mama wote wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, mbili kati ya nne za mtoto AS, na moja kati ya nne ya mtoto AA. Mmoja akiwa AS na mwingine AA, hawatarajiwi kupata mtoto SS, ila baadhi ya watoto wanaweza kuwa wabebaji.

Usidanganyike kwamba ukishazaa mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Mendel aliliona hili kwenye njegere zake. Mmea mmoja ulimpa mbegu 43 za duara na 2 tu za mikunjo, na mwingine ukampa 14 za duara na 15 za mikunjo, ingawa kanuni ilikuwa ileile. Familia moja inaweza kupata watoto wanne wazima, na jirani yao akapata wawili wagonjwa. Kila mimba huanza hesabu upya.

Vilevile, baba akisema katika ukoo wao hajawahi kuonekana mgonjwa, anaweza kuwa anasema kweli na bado akawa mbebaji. Kumbuka ile mikunjo iliyojificha ndani ya mbegu za duara.

Unachoweza kufanya

- Pimeni damu, wewe na mwenzako, hata kama mna afya. Kijana anayetaka kuoa au kuolewa naye apime mapema. Uliza katika kituo chako cha afya ni wapi kipimo kinapatikana.
- Mtoto anaweza kupimwa akiwa bado mchanga. Usisubiri dalili, kwa sababu mara nyingi hazionekani katika miezi ya mwanzo.
- Dalili za kuangalia ni viganja au nyayo kuvimba na kuuma, macho kuwa ya manjano, kupauka, kuchoka na maumivu ya mifupa yanayojirudia.
- Mtoto mwenye selimundu akipata homa, au tumbo likivimba upande wa kushoto, au akipauka ghafla, au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri asubuhi.
- Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Kinga ya malaria tuliyoitaja ni ya mbebaji. Mtoto SS akipata malaria huwa hatarini zaidi.
- Apate chanjo zote, anywe maji ya kutosha, asipigwe na baridi, na atumie dawa kama alivyoelekezwa: penisilini ya kuzuia maambukizi akiwa mdogo, foliki asidi, na kwa watoto wengi haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu. Usimwachishe dawa bila kuongea na daktari.

Kama mtoto wako tayari ana selimundu, nendeni kliniki pamoja, baba na mama. Hakuna aliyemletea mwenzake ugonjwa. Kila mmoja alitoa kimoja bila kujua, na sasa mnajua mnachopaswa kufanya kwa ajili ya mtoto huyu na kwa mimba ijayo.